Jinsi ya Kupima Diski ya Uti wa Mgongo Chini ya Mzigo na Ndani ya Maji ya Chumvi

Diski iliyo kati ya pingili mbili za uti wa mgongo haifanyi kazi kama kipande cha mpira. Katikati yake kuna kiini laini chenye proteoglikani, molekuli zilizojaa chaji hasi. Chaji hizo hukusanya ioni za sodiamu, nazo ioni huvuta maji, hata kiini kikataka kuvimba huku pete ya nyuzi za kolajeni ikikibana pande zote. Atakayepima ugumu wa diski bila kudhibiti maji yanayoizunguka atakuwa amepima nusu ya jambo.

Diski ya mkia wa ng'ombe inafaa kuanzia. Kata mfupa kwa msumeno juu na chini ya diski, ukibakiza tabaka jembamba, kisha uuoshe kwa mchirizi wenye nguvu wa maji ya chumvi. Wengi huiruka hatua hii, nami naihesabu kuwa ya lazima: damu iliyoganda huziba vitundu vya mfupa ambamo maji hupita, na diski iliyozibwa haiwezi kurudisha vizuri maji iliyopoteza. Usipopima siku hiyo, ifunge kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, uigandishe kwenye nyuzi −20 za Selsiasi, na uiyeyushe ikiwa bado imefungwa.

Pima kipenyo ili upate eneo. Diski ya milimita 25 ina takriban milimita mraba 490, hivyo shinikizo la megapaskali 0.1 huhitaji mzigo wa nyutoni 49, na megapaskali 0.5 nyutoni 245. Viwango hivyo vinakaribiana na shinikizo la ndani ya diski ya kiunoni mtu anapolala na anaposimama, ingawa kiini hubeba zaidi ya wastani wa eneo zima, kwa hiyo vichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia tu.

Itumbukize diski katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, uiwekee mzigo mdogo, na usubiri hadi kimo chake kitulie, hata kama ni usiku kucha. Ongeza mzigo na urekodi kimo. Utaona kinashuka ghafla, kisha kinaendelea kubonyea taratibu kwa saa nyingi maji yakikamuliwa. Kadiri yanavyotoka, ndivyo chaji zilizobaki zinavyosongamana na kuyang'ang'ania yaliyosalia, hadi mvuto huo ulingane na mzigo. Punguza mzigo, kisha urekodi kimo kinavyorudi.

Sasa badilisha maji peke yake, mzigo ukibaki uleule. Katika gramu 88 kwa lita, ioni nyingi za nje hudhoofisha nguvu ya chaji za kiini, na diski husinyaa bila kuongezewa hata nyutoni moja. Katika maji yenye chumvi kidogo mno, huvimba. Kipande cha kiini kilichokatwa na kuwekwa katika maji matupu huonyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa hakuna pete ya kukizuia. Diski nzima huhitaji subira zaidi, maana umbali wa ioni kusafiri ukiongezeka maradufu, muda huongezeka takriban mara nne.

Mwishowe rudisha maji ya gramu 9. Kimo kisiporejea hata baada ya kusubiri vya kutosha, chunguza kama tishu imeoza au pete imechanika kabla ya kuihusisha tofauti hiyo na chumvi.