Jinsi ya kukumbuka hoteli nzuri za Nairobi na kumwelekeza mtu asipotee

Mgeni akikuuliza, "Nairobi nile wapi?", usimtupie jina la hoteli ukadhani umemsaidia. Majina hubadilika, wapishi huhama, na jengo zima linaweza kubomolewa barabara ikipanuliwa. Kinachomfikisha mtu kwenye sahani uliyomsifia ni mambo matano yaliyoandikwa pamoja: chakula chenyewe, saa kinapoiva, steji ya kushukia, bei, na tarehe uliyokula. Jina lije mwisho.

Yaandike siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Kwenye simu, fungua ukurasa mmoja tu wa maandishi na kila mahali upe mistari miwili au mitatu. Ukitawanya, hapa kwenye WhatsApp, pale kwenye picha, kwingine kwenye ramani, utakapoulizwa hutapata kitu.

Kuhusu chakula, taja sahani moja au mbili, basi. Ni nadra hoteli moja kupika kila kitu vizuri. Penye pilau safi chapati huweza kuwa ngumu kama kiatu. "Pale kuna samaki" hakumwambii mtu lolote. Andika hivi: "samaki mzima aliyekaangwa kisha akapikwa kwenye mchuzi wa nyanya, ugali, managu, omena waache." Hilo la kuacha lina thamani sawa na sifa, na watu wengi husahau kuliandika.

Saa nayo si jambo dogo. Kibandani chakula huteremshwa jikoni mara moja, karibu na adhuhuri, na matumbo na ndengu zikiisha hazirudi hadi kesho. Anayefika saa tisa hupata mabaki ya sufuria, kisha anakulaumu wewe. Eastleigh na penginepo ambako wenye hoteli ni Waislamu, tarajia wengi kusimamisha kazi wakati wa swala ya Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani wengi hawauzi mchana. Usiandike "saa saba" ukaishia hapo; andika "saa saba mchana". Wanairobi wengi huchanganya saa za Kiswahili na zile zinazoonekana kwenye simu, na mgeni anaweza kufika asubuhi akakuta mlango umefungwa.

Sasa mahali, na hapa ndipo maelekezo mengi huharibika. Usimwelekeze mtu kwa duka au kituo cha mafuta. Nakumatt, ile supamaketi kubwa, ilikufa, lakini bado kuna watu wanaoelekeza wenzao kwa jina lake. Vituo vya Kenol na Kobil viligeuka Rubis baada ya kampuni hiyo kununuliwa mwaka 2019, na mtu asiyejua historia hiyo atavipita akitafuta rangi za zamani. Jina la steji ndilo linalodumu. Odeon na Globe yalikuwa majumba ya sinema. Filamu ziliisha zamani, lakini makanga wa matatu bado wanaita majina hayo kila siku. Drive-In ya Thika Road na Bellevue ya Mombasa Road zilitokana na sinema za kutazamwa ukiwa ndani ya gari, na majina yamebaki yakishusha abiria. Kwa hiyo anza na namba ya matatu na steji, kisha hesabu hatua za kutoka hapo.

Mfano wa maelekezo yanayofanya kazi: "Panda matatu namba 46, shukia steji fulani, vuka barabara, ingia kichochoro cha pili mkono wa kushoto, mlango wa bluu, panda ngazi mara mbili." Sema ngazi ngapi mtu apande, usiseme orofa ya ngapi, kwa maana wengine huanza kuhesabu kutoka orofa ya chini kabisa na wengine kutoka ile iliyo juu yake. Katikati ya jiji, ambako hoteli nyingi ziko ndani ya majengo ya eksibisheni, yale yaliyogawanywa vijiduka vingi, alama ya kwenye ramani ya simu humfikisha mtu mlangoni mwa jengo tu. Haimwambii kama apande au ashuke.

Majina ya barabara yaandike mawili pale yalipobadilika karibuni. Accra Road sasa ni Kenneth Matiba Road, na Cross Road ni Charles Rubia Road, lakini mwenye mkokoteni atakuelewa kwa jina la zamani na ramani itakuonyesha jipya. Vivyo hivyo na hoteli zenye majina mawili. Pale Kimathi Street, watu husema "twende K'Osewe" ilhali jina rasmi ni Ranalo Foods. Ukimpa mgeni moja tu, anaweza kupita mlango akiutafuta.

Nyama choma ina sheria zake, na ndiyo wageni huulizia zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kenyatta Market, karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ina safu za wachomaji. Burma, upande wa Jogoo Road, nayo ni hivyo hivyo. Kusema "nenda Kenyatta Market" ni kama kumwambia mtu aende soko la mitumba la Gikomba akanunue shati: atafika, lakini atavutwa na wa kwanza aliyemshika mkono. Andika namba ya kibanda, au kitu kisichohamishika kilicho karibu nacho, na uandike kama nyama ni ya mbuzi au ng'ombe, mbavu au mguu.

Mfundishe pia utaratibu. Nyama hupimwa ikiwa mbichi. Tazama mizani isome sufuri kabla nyama haijawekwa, chagua kipande mwenyewe, na hakikisha kimewekwa alama kabla hakijapelekwa motoni, kwa maana vipande vya wateja kumi huchomwa pamoja. Kilo moja yenye mifupa huwatosha watu wawili wenye njaa. Ikitoka motoni itakuwa imepoteza maji na mafuta, pengine robo ya uzito au zaidi, na wageni wengi hugomba hapo wakidhani wameibiwa. Mwambie mapema. Mwambie pia asubiri kama saa nzima, na aulize kabla ya kuagiza kama ugali na kachumbari viko ndani ya bei. Asiyejua kuhusu kungoja hufika na njaa kali, akajaza tumbo kwa soda na supu, nyama ikija hana nafasi.

Bei iandike pamoja na mwezi na mwaka, la sivyo ni bure. "Chapati mbili na ndengu, shilingi kadhaa" ya miaka mitatu iliyopita inamfanya mtu atoke nyumbani na pesa pungufu. Risiti za mashine hufifia zikikaa juani au mfukoni, kwa sababu karatasi yake huchapishwa kwa joto. Ipige picha ukiwa bado mezani.

Na kama mahali umeshapasahau? M-Pesa inakumbuka. Ujumbe wa malipo una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyelipwa. Ukiufuta, omba taarifa ya akaunti kupitia *334# au programu ya M-Pesa. Tatizo moja: jina kwenye ujumbe ni lile lililosajiliwa, na mara nyingi halifanani na la kwenye ubao wa mlangoni. Linganisha saa ya malipo na picha ulizopiga siku hiyo. Picha iliyopigwa na simu yako huhifadhi mahali, kama ulikuwa umeruhusu. Ile iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imeondolewa habari hiyo, kwa hiyo tafuta ya asili. Kibandani unaweza kuwa ulilipa kwa Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, ambapo huonekana jina la mtu. Hilo libaki kwako. Usilisambaze kwenye makundi pamoja na namba ya simu ya mama anayepika, hata kama unataka kumletea wateja, muulize kwanza.

Kabla ya kumpendekezea mtu, muulize mambo matatu: mko wangapi, kuna nani asiyekula nini, na mna muda gani. Majibu hayo hupunguza orodha yako haraka. Mzee mwenye magoti mabovu hapandi ngazi tatu kwa ajili ya biriani, hata iwe tamu kiasi gani. Mla halali unampeleka Eastleigh, au Malindi Dishes pale Gaberone Road, ambako chakula ni cha Pwani. Asiyekula nyama kabisa hufaidi hoteli za Wahindi za Ngara na Parklands, na kama ni Mjaini, mfuasi wa dini ya Kihindi ya Ujaini, mwambie aseme mapema, kwa maana yeye hali hata kitunguu wala kitunguu saumu. Watu kumi na watano na watoto wasipelekwe kibanda chenye benchi mbili Jumapili mchana.

Mpe mtu mahali pawili, pasizidi. Pa kwanza, na pa akiba pakiwa pamefungwa, pawe umbali wa kutembea kwa miguu. Ukimpa orodha ya kumi, atarudi kwenye kuku wa mkahawa wa kwanza atakaouona.

Usimpendekezee kwa sababu ya mtu maarufu. Mark Zuckerberg mwenye Facebook alikula samaki kwenye hoteli ya Mama Oliech mwaka 2016, na hadithi hiyo ni nzuri, lakini haikuambii samaki wa leo yukoje. Wala usipendekeze kwa kumbukumbu ya zamani sana. Bado wapo wanaowaahidi wageni nyama ya punda milia pale Carnivore, mkahawa wa nyama choma, ilhali uuzaji wa nyama ya wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 2004. Chochote ulichokula zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kiandikie "thibitisha", upige simu au upite mwenyewe kabla ya kumtuma mtu.

Ukikuta pamefungwa, usifute mistari yako. Andika "pamefungwa" na mwezi, kisha waulize walio karibu: mlinzi wa jengo, muuza magazeti, mng'arisha viatu, vijana wa boda boda. Usiulize hoteli ilienda wapi, kwa maana mara nyingi haikwenda popote. Uliza yule aliyekuwa akipika sasa anapika wapi.