Mbwa Anayenuka Hata Baada ya Kuogeshwa: Fangasi wa Ngozi na Namna ya Kuwadhibiti

Masika ikishika ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, malalamiko ya wafugaji wa mbwa huwa ni yale yale: mbwa ameogeshwa Jumamosi, Jumatatu ananuka tena. Harufu yenyewe si ya tope wala ya kinyesi. Ni nzito, ya uchachu na mafuta yaliyokaa vibaya, na ukimpapasa inabaki kiganjani. Mwenye mbwa anaongeza sabuni, mara nyingi ile ya unga ya kufulia, na hali inazidi kuwa mbaya kwa sababu sabuni hiyo inachubua ngozi ambayo tayari inaumwa.

Mbwa wa namna hii si mchafu, ni mgonjwa, na hatendewi haki anapofukuzwa barazani au kufungwa nyuma ya nyumba kwa sababu ya harufu.

Chanzo cha kawaida cha harufu hiyo ni fangasi wa jamii ya hamira anayeitwa Malassezia pachydermatis. Huyu huishi kwenye ngozi na masikio ya karibu kila mbwa bila kumdhuru. Tatizo huanza pale ngozi inapodhoofika, ikatoa mafuta mengi na kukaa na unyevu. Hapo fangasi huongezeka kupita kiasi, ngozi inawaka, mbwa anajikuna na kujilamba, na mate yake yanaongeza unyevu ule ule ambao fangasi wanaupenda. Ndiyo maana sehemu za kwanza kuathirika ni zile zisizopata hewa: ndani ya masikio, katikati ya vidole, makwapani, kwenye kinena, chini ya shingo mahali ukanda unapokaa, na kwenye mikunjo ya midomo.

Mkague mchana, kwenye mwanga wa jua. Tenganisha vidole vya miguu ya mbele. Mbwa mwenye fangasi huwa na manyoya yenye rangi ya kutu hapo kwa sababu ya kujilamba, na kwenye mizizi ya kucha kuna utando wa kahawia. Mlaze chali uangalie tumbo na makwapa. Mwanzoni ngozi huwa nyekundu na yenye mafuta. Ikiachwa kwa miezi, hunenepa, huwa nyeusi, manyoya yanapukutika na magamba ya mafuta yanabanduka ukiyakwangua kwa kucha. German Shepherd, ambaye majumba mengi hapa kwetu humtumia kwa ulinzi, ni miongoni mwa mbegu zinazopata tatizo hili kirahisi. Mbwa wa kienyeji naye huupata, hasa akiwa na viroboto wengi.

Kabla ya kulaumu ngozi, hakikisha harufu haitoki kwingine. Mdomo wenye ugaga na meno mabovu hunuka. Shombo kali inayotokea ghafla nyuma ya mbwa mara nyingi ni ya tezi zilizo pembeni mwa tundu la haja kubwa, ambazo zikiziba humfanya aburuze makalio chini. Kidonda kilichojificha ndani ya manyoya, chenye mabuu ya nzi, nacho hutoa uvundo mkali sana, na hicho hakisubiri kesho.

Uthibitisho wa fangasi ni rahisi na hauchukui muda. Daktari wa mifugo hubandika selotepu kwenye ngozi, huipaka rangi ya maabara na kuiweka chini ya hadubini. Fangasi hawa huonekana wazi, kila mmoja na umbo la ganda la karanga lenye punje mbili. Omba kipimo hiki. Nasisitiza hivyo kwa sababu mbwa wengi wanaojikuna huishia kuchomwa sindano ya dawa jamii ya steroidi bila kupimwa. Muwasho hutulia kwa siku chache, mwenye mbwa anafurahi, kisha unarudi kwa nguvu kwa kuwa dawa hiyo inashusha kinga na kuwaachia fangasi nafasi. Sindano ya antibayotiki nayo haiui fangasi. Husaidia tu pale bakteria nao wamevamia, jambo linalotokea mara nyingi, na selotepu ile ile itawaonyesha. Vidonge vya griseofulvini, vinavyojulikana sana kwa kutibu choa, haviwawezi fangasi hawa wa jamii ya hamira.

Matibabu yenye ushahidi mzuri zaidi ni kuogesha. Mwaka 2020 wataalamu wa ngozi za wanyama walitoa mwongozo wa kimataifa uliopendekeza shampuu yenye klorheksidini asilimia 2 na mikonazoli asilimia 2, mara mbili kwa wiki. Isipopatikana, yenye klorheksidini asilimia 3 peke yake nayo ni chaguo linalokubalika. Soma kibandiko uone viambato na asilimia zake, kwa kuwa shampuu nyingi za mbwa madukani ni za manukato tu.

Wengi hukosea kwenye namna ya kuitumia. Mloweshe mbwa mpaka maji yafike kwenye ngozi. Kama ana mafuta mengi sana, muoshe kwanza kwa shampuu laini ya kawaida ili dawa ipate njia. Kisha paka shampuu ya dawa ukiisugua kwa vidole, ukianza na sehemu zilizoathirika zaidi, na usisahau katikati ya vidole. Sasa angalia saa: dawa ikae dakika 10 kamili kabla ya kusuuza. Dakika hizo ndizo zinazoua fangasi, na ukisuuza baada ya dakika mbili umepoteza hela na maji. Mshike asijilambe, zungumza naye, mtembeze uani. Suuza mpaka maji yatoke safi, halafu mkaushe kwa taulo vizuri, hasa kinena na vidole. Kumrudisha bandani akiwa amelowa ni kuharibu kazi yote. Endelea kwa wiki tatu au nne hata kama harufu imeisha wiki ya kwanza.

Ugonjwa ukiwa umeenea mwili mzima, daktari anaweza kuongeza vidonge vya itrakonazoli au ketokonazoli kwa kipimo cha uzito. Usivinunue kwa kukisia. Ketokonazoli inaweza kuumiza ini, na jike mwenye mimba hapaswi kupewa.

Masikio yana taratibu zake. Futa nta inayoonekana kwa pamba iliyoloweshwa dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, wala usiingize vijiti vya pamba ndani. Usimimine spiriti wala siki. Akiinamisha kichwa upande mmoja au akipiga kelele ukimgusa, mpeleke kwa daktari, maana huenda ngoma ya sikio imetoboka.

Na tafadhali, oili chafu ya gari, mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyopimwa kwa kizibo visimguse mbwa wako. Atailamba yote. Dawa za viroboto zenye permethrini zinazouzwa kwa ajili ya mbwa huua paka, kwa hiyo kama una paka nyumbani uliza kabla ya kununua. Sindano ya ivermektini inayotumika kwa mifugo mingine imeua mbwa, hasa Collie na machotara wake.

Fangasi wakirudi kila baada ya miezi michache, jua kuna kitu nyuma yao. Anza na viroboto, kwa kuwa mzio wa mate yao ni chanzo kikubwa. Tibu wanyama wote wa nyumbani kwa wakati mmoja, fua magunia anayolalia, anika juani, fagia nyufa za banda. Vyanzo vingine ni upele wa wadudu, mzio wa chakula, au tezi ya thairoidi iliyolegea kwa mbwa wa makamo anayenenepa bila kula sana. Wapo wanaosema ugali ndio unaolisha fangasi. Sikubaliani nao: tatizo la ugali mtupu ni kukosa protini na mafuta ambavyo ngozi inavihitaji. Mwongezee dagaa wasio na chumvi, utumbo uliopikwa au mayai.

Banda nalo liangalie. Sakafu ya saruji isiyokauka, mkojo usio na mahali pa kutokea na mnyororo unaomlazimisha kulala pale pale humrudishia ugonjwa. Weka kichanja cha mbao kilichoinuliwa kidogo, paa lisilovuja, na mfungue kila siku apate jua la asubuhi.

Kwa watu wenye afya, fangasi huyu si tishio, ila nawa mikono baada ya kumuogesha, na mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga dhaifu asimshikeshike. Ukiona vipele vinavyowasha au mabaka ya duara kwa watoto, basi huenda mbwa ana upele au choa, na hapo anapimwa yeye na watoto wanapelekwa zahanati.

Baada ya wiki hizo tatu au nne, rudisha mbwa apimwe tena kwa selotepu. Fangasi wakiwa wamepungua, punguza kuogesha kuwe mara moja kwa wiki, kisha kila wiki mbili, na masika au vuli ikikaribia urudie mara moja kwa wiki kabla harufu haijaanza.