Macho makavu baada ya leza: tia matone kwa saa, usingoje yawashe

Wiki ya pili baada ya LASIK, yaani upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni, herufi za simu zinaingia ukungu, unapepesa, zinarudi. Hilo ni jicho kavu, hata kama haliumi. Wengi husubiri liwashe ndipo watie dawa, na hapo ndipo wanapokosea. Katika upasuaji huo hufunuliwa kifuniko chembamba cha konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na ili kukifunua daktari hukata mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake. Mishipa hiyo ndiyo inayopeleka habari kwamba jicho linahitaji machozi na kope zipepese. Ikishakatwa, jicho hukauka na lisikwambie. Kwa wengi huota upya ndani ya miezi 3 hadi 6, kwa wengine mwaka.

Kwa hiyo weka kengele ya simu. Kama daktari hakukupa ratiba nyingine, wiki 2 za mwanzo tia machozi bandia kila baada ya saa 1 au 2 mchana kutwa, kisha mara 4 hadi 6 kwa siku mpaka mwezi wa 3. Ukiona nafuu usiache kwa mkupuo. Kila wiki punguza zamu moja ya siku na uangalie kama ukungu unarudi.

Duka la dawa litakupa chupa yoyote, basi soma lebo mwenyewe. Chupa nyingi zina kihifadhi kiitwacho benzalkoni kloraidi, hufupishwa BAK, na kikitiwa zaidi ya mara 4 kwa siku kinachubua konea ile ile unayoiuguza. Tafuta vichupa vidogo vya kutumia mara moja, visivyo na kihifadhi. Dawa za kuondoa wekundu ziache kabisa: zinabana mishipa ya damu tu, jicho linapauka, halafu wekundu unarudi umezidi.

Vichupa viweke kwenye mlango wa friji, visigande. Tone la baridi lina faida nyingine: kope zinalihisi, kwa hiyo unajua limeingia hata kama konea ina ganzi.

Namna ya kutia: nawa mikono kwa sabuni, lala chali, vuta kope ya chini huku kidole kimeegemea mfupa wa shavu, si jicho. Tazama juu, tone moja tu. Kile kimfuko cha kope hakibebi zaidi. La pili ni la kulowesha mto. Ncha ya kichupa isiguse kope wala unyusi. Funga macho taratibu kwa dakika 1 bila kukaza. Dawa nyingine ikifuata, subiri dakika 5 hadi 10. Ya majimaji hutangulia, jeli huja mwisho. Steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) uliyoandikiwa isipite siku ulizoambiwa, kwani inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya.

Pwani, adui mkubwa ni upepo. Pangaboi likizunguka juu ya kitanda usiku kucha, na kope zisipofunga sawasawa, asubuhi unaamka na mchanga machoni. Lizime utumie feni ya kusimama, uielekeze miguuni, na utie jeli kabla ya kulala. Kwenye boti ya kutoka Mokowe kwenda Lamu, keti ukiupa upepo mgongo. Nchi kavu, iwe tuktuk za Malindi au mchanga wa Shela wakati wa kusi, vaa miwani ya jua inayozunguka hadi pembeni. Bahari na bwawa la kuogelea viache angalau wiki 2, au zaidi daktari akisema. Moshi wa udi ufukizwe chumba kingine, na wanja ungoje ruhusa ya daktari.

Kusugua jicho ni marufuku, maana kifuniko kinaweza kuhama. Asali, maziwa ya mama na marashi ya mawaridi visiingie jichoni. Havina usafi wa dawa na kidonda bado kibichi. Kuhusu saumu, kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, kilichotiwa jichoni hakifunguzi.

Mbele ya simu au kompyuta kupepesa hupungua mno. Kila dakika 20 funga macho kabisa sekunde 2, mara 10, na simu iwe chini ya usawa wa macho ili kope zifunike zaidi. Samaki kula upendavyo, lakini vidonge vya omega-3 (mafuta ya samaki) usivitegemee: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2018 haukuona vikishinda mafuta ya zeituni kwa macho makavu.

Ukungu unaoondoka ukipepesa ni ukavu. Ukungu usioondoka, maumivu makali, usaha, wekundu unaozidi, au jicho kugonga kitu, hayo ni ya kwenda kwa daktari wa macho siku ile ile. Ikiwa miezi 3 imepita na bado unatia kila saa, mwambie daktari: ziko dawa za saiklosporini, za kusaidia jicho litoe machozi yake, na viko vizibo vidogo vya kuziba tundu linalopeleka machozi puani, kuviweka huchukua dakika chache tu.