SOMO: Kutu ndani ya tetsubin ya zamani, jinsi ya kuitibu bila kuliua birika

Swali hili limeulizwa mno, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Tetsubin ni birika la Kijapani la chuma cha kusubu, la kuchemshia maji. Ndani halina enameli, ule mpako unaong'aa kama kioo. Kama lako limepakwa enameli ndani, hilo ni buli la kutilia chai. Halipandi motoni na somo hili halilihusu.

1. Jaza maji, lilaze juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likilowa, linavuja.

2. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona kiraka cha kijivu kinachokwaruzika kwa ukucha, huenda ni risasi, ile metali yenye sumu. Liwe pambo, maji yake yasinywewe.

3. Suuza kwa maji matupu. Sabuni hapana.

4. Funga vijiko viwili vya chakula vya majani ya chai ya kijani kwenye kitambaa cha pamba, tumbukiza, tia maji robo tatu ya birika. Chemsha kwa moto mdogo dakika 30, kifuniko kikiwa kando. Tanini ya majani, yaani ule ukakasi wa chai, hushikana na kutu ikafanya weusi usioyeyuka, kwa hiyo maji yakiwa kama wino usishtuke, ndiyo kazi yenyewe. Mwaga, rudia mara 2 au 3 hadi maji matupu yakichemshwa yatoke bila wekundu.

Mabirika mengi hufia hapa. Mtu anaona wekundu, anakamata waya wa masufuria au siki. USIFANYE! Mafundi wa Morioka, mji wa Japani wa tetsubin, huchoma birika jipya kwa nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi ili lijenge utando wa oksaidi unaozuia kutu. Ukiukwangua au ukautia asidi, umebakiwa na chuma kitupu na kutu itarudi haraka. Ukungu mweupe wa chokaa nao uacheni, ni kinga.

5. Mwaga maji yangali moto, acha kifuniko wazi, joto la chuma lilikaushe.

6. Maji baridi kwenye birika la moto hulipasua.

MASWALI

Kibuyu: Nimesugua kwa waya, limerudi jekundu. Nifanyeje?
— Namba 4. Isome yote safari hii.

Mama Zawadi: Samahani mwalimu, majani yetu meusi ya kawaida yanafaa?
— Yanafaa, dada, tanini imo humo pia. Yawe majani matupu, bila tangawizi wala viungo, maana harufu hukaa.

Fundi Seremala: Kifuniko changu cha shaba kimekuwa cheusi. Nikipige dawa ya kung'arishia?
— Hapana. Rangi ile fundi aliitia makusudi. Ukiiondoa, thamani umeitupa. Hata nakshi za fedha ubavuni zifute kwa kitambaa kikavu tu. Ila kigeuze ukitazame: vifuniko vya Ryubundo, karakana ya mabirika ya Kyoto huko Japani, mara nyingi vina jina lake upande wa chini. Hakikisha kinakaa sawasawa mdomoni, kwa kuwa vifuniko hubadilishwa sana sokoni.

Kibuyu: Langu linavuja kidogo pia.
— Tundu la sindano huzibwa kwa uji mwepesi wa wali, uchemshwe ndani taratibu. Wanga huingia kwenye tundu. Ufa hauzibiki hivyo.

Mama Zawadi: Na jiko la mkaa?
— Zuri sana, ndivyo lilivyozoeleka huko kwao. Makaa yaliyotulia, moto usipande ubavuni, utaunguza laka ya nje.