Kununua piano ya mlalo (grand) kutoka Asia na kuifikisha Dodoma salama

Anayenunua piano ya kukaa Dodoma aanze na hewa, bei ifuate. Juni hadi Oktoba mvua hakuna, upepo ni mkavu, na mbao za piano zinapoteza maji. Ubao wa sauti, ule mpana ulio chini ya nyuzi, unasinyaa na noti zinashuka chini ya kiwango chake, zaidi katikati ya kibodi. Gogo linaloshika pini za kukazia nyuzi nalo linakauka, matundu yanalegea, pini zinateleza. Mvua zikishika, mbao zinavimba na noti zinapanda. Piano iliyozoea unyevu wa Japani kwa miaka 30 ikitua hapa mwezi wa saba, kiangazi hicho cha kwanza ndicho cha kukiogopa.

Yamaha (1887) na Kawai (1927) zote ni za Hamamatsu, Japani, ila si kila piano yenye majina hayo imeundwa huko. Yamaha GB1K ya urefu wa sentimita 151 huundwa Indonesia. C3X ya sentimita 186 huundwa Japani. Indonesia si kasoro, mradi bei ilingane. Pearl River ya Guangzhou na Hailun ya Ningbo ni za China. Samick na Young Chang ni za Korea. Jina la Kijerumani lisikupandishie bei: Ritmüller siku hizi ni chapa ya Pearl River. Uliza nchi na kiwanda, kisha omba picha ya namba iliyo kwenye fremu ya chuma karibu na pini. Kwa namba hiyo utajua mwaka, hata muuzaji akisema vingine.

Kawai ana sifa moja nzito kwa ukanda wetu: sehemu nyingi za mtambo wake wa nyundo ni plastiki ya ABS, na matoleo mapya yameongezewa kaboni. Plastiki haisinyai kama mti. Hata hivyo ubao wa sauti na gogo la pini bado ni mti, kwa hiyo chumba hakikwepeki.

Urefu wa chini ya sentimita 160 hatushauri. Nyuzi za besi huwa fupi mno, na piano ya wima ya kimo cha sentimita 131 kama Yamaha U3 inashindana nayo kwa fedha kidogo. Kwa kanisa au ukumbi wa shule tafuta ya 170 hadi 186.

Kwa iliyotumika, usilipie kifuniko kinachong'aa. Rangi haisemi hali ya ndani. Dai video isiyokatwa yenye vibonye vyote 88, kimoja kimoja, taratibu kisha kwa nguvu. A iliyo juu ya C ya katikati isome hezi 440 kwenye kipimo cha simu. Ikisoma 430, piano imeachwa muda mrefu bila kutuniwa, yaani bila noti zake kurudishwa kwenye kiwango. Kuipandisha kunarudisha mvuto ambao kwa nyuzi zote hufika tani 18 hadi 20, na nyuzi zenye kutu hukatikia hapo. Kipimo kinachosema kweli ni hiki: ituniwe 440, ikae wiki moja, irekodiwe tena. Noti chache zikiwa zimeanguka huku jirani zake zimesimama, hizo ni pini zilizolegea. Achana nayo, maana huku zitalegea zaidi.

Omba pia picha za chini ya tumbo. Ufa mwembamba kwenye ubao wa sauti usiotoa mvumo unavumilika. Ubavu uliobanduka, yaani fito ya mti inayoshikilia ubao huo kwa chini, ndio unaovuma noti fulani ikipigwa. Kwenye daraja la nyuzi, yaani mti uliobeba nyuzi juu ya ubao wa sauti, ufa unaotoka pini yake moja hadi nyingine ni gharama kubwa. Nyundo zenye ncha bapa na mifereji ya milimita 2 zinahitaji kusuguliwa au kubadilishwa. Chini ya vibonye angalia kinyesi cha panya na sufu iliyoliwa na nondo.

Vibonye vya zamani vyenye mishipa myembamba na mstari wa kiungo huenda ni pembe za ndovu. Biashara yake inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, usiguse. Na piano ya Japani yenye mfumo wa kunyamazisha au kujipiga yenyewe hutumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 za kwetu umeiunguza. Iwekee transfoma.

Kabla ya kulipa, mpe wakala wa forodha namba ya bidhaa 9201.20 (piano za mlalo) akuandikie makadirio. Ushuru hukokotolewa kwenye bei ya kifaa, bima na nauli hadi bandarini, kisha VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla yenye ushuru ndani. Sanduku la mbao liwe na muhuri wa IPPC, unaoonyesha mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Bima ifike hadi mlangoni, si bandari ya Dar es Salaam tu.

C3X ina kilo 320. Husafirishwa imelala ubavu wake mrefu ulionyooka, juu ya ubao mnene, imefungwa mablanketi na mikanda. Miguu mitatu na kinubi cha pedali vimefunguliwa. Kinubi hutoka kwanza, kisha mguu wa kushoto, halafu watu sita wanailaza polepole. Wanaoiburuta kwa miguu yake huivunja miguu.

Chumbani, weka kipima unyevu na uulinde kati ya asilimia 40 na 60. Kuyumba ndiko kunakoumiza. Mabeseni ya maji hayatoshi kwa ukumbi. Mfumo wa kudhibiti unyevu wa Dampp-Chaser wa volti 230 unaofungwa chini ya piano unafanya kazi, mradi umeme upo na mtu anaujaza maji. Epuka dirisha la magharibi, pumzi ya kiyoyozi na paa la bati lisilo na dari.

Iache itulie wiki mbili au tatu kabla ya kutuni, irudiwe baada ya miezi mitatu, kisha kila Februari na Agosti. Fundi umpate kabla ya piano. Akitoka Dar, nauli na malazi yake viwe kwenye bajeti, na akija akaze skrubu zote, kwani kiangazi huzilegeza.