Unguja na Pemba kwa siku saba: panga kwa maji, usipange kwa tarehe

Watu wengi wanaoniomba niwapangie safari ya visiwani huanza na swali la hoteli. Mimi huanza na swali la mwezi. Simaanishi Juni au Desemba, namaanisha mwezi wa angani, uko wapi siku utakayoshuka chomboni. Nimezunguka visiwa hivi na marafiki, na watoto, na mara mbili na mama mkwe, na kila safari iliyozidi mfuko wangu ilizidi kwa sababu moja kati ya mbili: nilihama kisiwa mara nyingi mno, au nilifika ufukweni maji yakiwa yamekwenda zao.

Mfano nitakaoutumia ni wa watu wawili wanaotoka Dar es Salaam, siku saba, mfuko wa shilingi 1,000,000.

Hatua ya 1: Kata orodha ya visiwa

Andika visiwa vyote unavyovitamani, kisha futa nusu. Kila unapohama kisiwa kikubwa unalipa nauli, unalipa bodaboda au teksi pande zote mbili, na unapoteza nusu siku, pengine siku nzima. Kwa siku saba visiwa vikubwa viwili vinatosha: Unguja na Pemba. Utamu wa kurukaruka unaupata kwenye visiwa vidogo vinavyovizunguka, ambavyo unakwenda asubuhi na kurudi jioni, begi limebaki gesti.

Najua utaniuliza Mafia. Mafia ni nzuri, na ukitaka kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa mpole, kati ya Oktoba na Machi ndiko kwa kwenda. Lakini Mafia iko Mkoa wa Pwani, na njia ya bei nafuu ni kwenda kwa basi hadi Nyamisati kisha kupanda kivuko hadi Kilindoni. Kuiunganisha na Pemba maana yake urudi Dar katikati ya likizo. Ifanyie safari yake.

Hatua ya 2: Chagua upepo, kisha mwezi

Masika, Machi hadi Mei, gesti ni rahisi lakini unaweza kukaa siku tatu unatazama mvua dirishani. Kusi inapovuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na kivuko hurusha watu roho, tena Julai na Agosti wageni wa Ulaya wamejaa na bei zimepanda. Desemba mwishoni bei ni za kichaa. Mimi napenda Oktoba na mwanzo wa Novemba, upepo umelegea na vuli haijakolea. Baada ya hapo, Februari. Ila tazama Ramadhani imeangukia wapi: mchana migahawa ya mitaani hufungwa na kula hadharani ni utovu wa adabu, ingawa ukiweza kuvumilia hadi magharibi, futari ya visiwani ni jambo jingine kabisa.

Sasa mwezi. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Kuanzia tarehe mosi hadi tatu za mwezi huo, na tena kumi na nne hadi kumi na saba, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kuanzia saba hadi tisa, na ishirini na moja hadi ishirini na tatu, ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Katika bahari ya Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, hivyo wiki moja baadaye mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa. Ukilijua hili umejua karibu kila kitu. Anayelala Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, siku za bamvua ataamka akute bahari iko kule kwenye mwamba, na mbele yake mchanga, mwani, na akina mama wanaoulima wakiinama kwenye vigingi vyao. Ni wakati mzuri wa kutembea, si wa kuogelea. Wageni wasiojua hukodi gari kwenda Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii mbali hivyo, na huko ndiko pesa inakokwenda.

Mpango wangu: fika Pemba katika maji mafu, kwa sababu mkondo umetulia na maji ni safi ukitaka kutazama matumbawe. Kisha rudi Unguja mwezi ukielekea kumi na tatu, kumi na nne. Kwa hiyo nang'oa nanga Dar siku ya sita au ya saba ya mwezi huo wa angani.

Hatua ya 3: Anza na chombo cha Pemba

Dar hadi Unguja boti za kasi zipo kila siku, zaidi ya moja, na safari ni kama saa mbili. Hiyo haikuumizi kichwa. Cha Pemba hakiendi kila siku na ratiba hubadilika, kwa hiyo piga simu ofisini kwao kwanza, upate siku ya kwenda na ya kurudi, ndipo uzijenge siku nyingine kuzunguka hizo. Ukipata meli ya usiku inayofika Mkoani, bandari ya Pemba, alfajiri, chukua. Umeokoa gesti ya usiku mmoja.

Kisiwa cha mbali kiwe cha kwanza. Chombo kikiahirishwa kwa sababu ya bahari, utakachopoteza ni siku moja ya ufukwe wa Unguja, huku siku yako ya kurudi kazini ikibaki salama. Nilijifunza hili baada ya kumpigia bosi simu nikiwa Mkoani, upepo ukisikika kwenye simu na bado haniamini.

Tiketi nunua dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Bandarini Dar, ukishuka tu mwendokasi Kivukoni na kuanza kutembea, utaitwa na vijana kumi wenye fulana za kampuni. Unguja wenzao wanaitwa papasi, na kama papasi wa ng'ombe, akishakung'ang'ania humtoi. Sema ahsante, endelea na njia. Beba kitambulisho, maana mwananchi ana nauli yake na mgeni ana yake iliyo juu zaidi. Ndugu zetu wenye pasipoti za nje wajue kuwa tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya dola 44. Iingize kwenye hesabu mapema.

Neno moja la usalama. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imezidisha abiria, na Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Kati ya Nungwi na Pemba mkondo ni mkali. Chombo ukikiona kimejaa hadi watu wanakaa juu ya magunia, shuka, nauli iende.

Kwa kichefuchefu: kula kikavu kabla, andazi au ndizi, kaa nyuma na chini. Dawa hunywewa kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Hatua ya 4: Gawa mfuko

Hivi ndivyo ninavyogawa ile 1,000,000 ya watu wawili: vyombo vya baharini 280,000, kulala 320,000, chakula 200,000, daladala na boti ndogo 100,000, na 100,000 inafungwa kwenye bahasha nyingine haiguswi. Ukipiga simu ukakuta nauli zimepanda, punguza usiku mmoja wa kulala. Usiguse bahasha.

Chakula ndicho rahisi kukibana bila kuteseka. Forodhani, kwenye vibanda vya vyakula vya usiku Mji Mkongwe, nenda kutazama, kunywa juisi ya miwa na kula kitu kimoja. Chakula cha kushiba kinunue mitaa ya ndani: urojo mchana, wali na samaki kwa mama ntilie usiku. Uliza bei kabla ya kukaa, hata kama ni mtani wako.

Hatua ya 5: Pemba, siku tatu

Lala Chake Chake, katikati ya kisiwa, daladala zinakwenda pande zote. Mkiwa mume na mke bebeni nakala ya cheti cha ndoa, gesti nyingine huuliza. Vaeni kwa stara mkiwa nje ya ufukwe. Dada awe na kanga yake begini.

Siku ya kwanza pumzika na tembea mjini. Ya pili nenda kisiwa kidogo cha Misali. Wenyeji husimulia kwamba mtu mmoja mcha Mungu aitwaye Hadhara alifika pale, akaomba msala wa kusalia, haukupatikana. Akasema basi kisiwa hiki kitakuwa msala wangu, kwa kuwa kinaelekea kibla. Boti hutoka Wesha, karibu na Chake. Siri ya bei ni hii: boti hukodiwa nzima, hailipiwi kwa kichwa. Watu wawili mtaumia, watu sita mtacheka. Usiku wa jana yake zunguka gesti na vibanda vya chakula uulize nani anakwenda Misali kesho. Mwenye boti akutajie bei inayojumuisha mafuta na muda wa kusubiri, na uzione jaketi za kuokolea kwa macho kabla hujalipa. Kiingilio cha hifadhi ni mbali na hiyo.

Siku ya tatu panda daladala hadi Konde, kisha bodaboda kupitia msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi. Ufukwe mrefu, mweupe, na mara nyingi ni wewe na wavuvi tu. Hakuna duka, kwa hiyo beba maji na mkate. Kama ni msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, na harufu yake itabaki kwenye nguo zako hadi Dar.

Hatua ya 6: Unguja na vijisiwa vyake

Changuu, kijisiwa chenye gereza la kale, ni karibu na Mji Mkongwe na boti zake ni nyingi, kwa hiyo kuna nafasi ya kupatana bei. Jengo la gereza lilijengwa miaka ya 1890 lakini halikufunga wafungwa, likawa karantini. Kobe wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nusu siku inatosha.

Ninachokipenda zaidi ni Uzi, kusini, penye mikoko. Miaka ile tulipokwenda, njia ilipitika maji yakipwa tu. Tulivuka saa tano asubuhi siku ya bamvua, tukanogewa, tukarudi njiani saa tisa na kukuta bahari imeikalia barabara. Mama mmoja alitucheka, akatuwekea jamvi na muhogo wa nazi, tukavuka usiku. Ndipo nilipoanza kutembea na kalenda.

Kwenda shamba, yaani nje ya mji, tumia daladala, si teksi. Stendi zimehamahama, kwa hiyo muulize mwenye gesti gari ya Nungwi au Jambiani inapakia wapi siku hizo. Kwa kuwa mwezi sasa unakaribia bamvua, asubuhi tembea mwambani na viatu vya mpira, miguu isichomwe na mashetani wa baharini, wale viumbe wenye miiba, mchana lala, saa tisa na nusu ingia majini. Viungo nunua Darajani, sokoni, kwa kupima.

Siku ya saba panda boti ya asubuhi kurudi Dar. Ikiahirishwa, bado una ya mchana, na ile bahasha ya 100,000.