Mgonjwa wako anapoongezewa damu Lamu: ya kukagua kitandani

Daktari akisema damu inahitajika, usikimbilie simu kutafuta wachangiaji. Uliza kwanza: kwa nini, pakiti ngapi, na kuna dawa nyingine? Mgonjwa mzima mwenye fahamu zake ndiye atakayekubali au kukataa, si shemeji aliyewahi kufika. Aliyezimia huku anavuja damu hangojewi sahihi.

Mwaka 1667 jijini Paris, Jean-Baptiste Denis alimtia damu ya ndama Antoine Mauroy, mgonjwa wa akili aliyeokotwa mitaani. Mara ya pili akatapika, kiuno kikamuuma, mkojo ukatoka mweusi kama masizi: chembe za damu zilikuwa zikipasuka. Baadaye akafa. Mwaka 1668 mahakama ilimwondolea Denis hatia, lakini ikapiga marufuku tiba hiyo bila idhini ya kitivo cha tiba cha Paris. Makundi ya damu ya binadamu yalikuja kuelezwa na Karl Landsteiner mwaka 1901.

Siku hizi damu ya kundi lisilofaa humfikia mtu hasa kwa kukosewa jina, na Lamu majina yanarudiwa mno. Wodi moja yaweza kuwa na akina Fatma Mohamed wawili. Kichupa cha sampuli kiandikwe palepale kitandani, majina matatu na namba ya hospitali. Pakiti ikija, wahudumu wawili walinganishe jina, namba, kundi na tarehe ya kuharibika. Mgonjwa ajitaje mwenyewe. Akiulizwa "wewe ni Fatma?", mwenye homa kali huitikia tu.

Damu ianze ndani ya nusu saa tangu itoke frijini, iishe ndani ya saa 4. Usiianike juani wala kuitia maji moto. Mpira wa kupitishia damu uwe wenye chujio, na usichanganywe na dripu ya glukosi, hupasua chembe. Dakika 15 za mwanzo iende polepole, nesi akiwa karibu. Akitetemeka, kifua kikibana, kiuno kikiuma au mkojo ukiwa mweusi, mwite nesi aifunge mara moja. Sindano ibaki mshipani, pakiti irudi maabara, isitupwe.

Wachangiaji, wenye kilo 50 kwenda juu, hutolewa takriban mililita 450 kila mmoja. Wa Faza, kisiwani Pate, waambiwe mapema: maji yakitoka, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa boti, na damu yao lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika.